Amplifaya ya volti 580: shajara ya ukarabati

Siku ya 1

Imefika. Ni amplifaya ya Kijapani ya miaka ya 1980, nusu transista nusu valvu (zile taa za kioo za kukuza umeme), pamoja na hedifoni zake zenye vikombe vya mstatili. Aliyeniuzia alikuwa mkweli: "Upande wa kulia unakufa." Nilipomuuliza unakufaje, akanieleza kwamba inapiga vizuri kama dakika ishirini, halafu sikioni unasikia "ta!" moja ndogo, na kuanzia hapo kulia panabaki mnong'ono tu. Ukizima na kuiacha usiku kucha, asubuhi imepona. Juu ya hayo ina mvumo, kushoto na kulia.

Jina la kampuni halina kazi hapa. Kitu chenye umri wa miaka thelathini na ushee kikiumwa, si kosa la aliyekiunda.

Kwa ambaye hajawahi kuona hedifoni za umeme tuli kwa ndani: hamna sumaku, hamna koili. Kuna utando wa plastiki wenye unene wa mikroni moja au mbili (unywele wa kichwani ni mikroni sabini hivi), umetandazwa katikati ya mabamba mawili yenye matundu. Utando hupewa volteji ya kudumu inayoitwa bayasi. Kwa hizi ni volti 580. Mabamba ndiyo yanayopewa muziki. Moja likipanda mwenzake anashuka, na utando unavutwa huku ukisukumwa kule kwa eneo lake lote kwa pamoja. Mkondo unaotumika ni kiduchu, lakini volteji ni ya mamia. Ndiyo maana hedifoni hizi huwezi kuzichomeka kwenye tundu la simu, na ndiyo maana amplifaya yake ina tabia za pekee.

Stax, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1938, ndiyo iliyoanza kuuza hedifoni za namna hii mwaka 1960, na mpaka leo yenyewe inaziita spika za masikioni. Zile za zamani zilitumia bayasi ya volti 230 na plagi ya pini 6. Baadaye ikaja volti 580 na pini 5, na plagi ya pini 6 haiingii kwenye soketi ya pini 5, makusudi kabisa, usije ukaunguza utando wa zamani. Katika pini 5, mbili ni za mabamba ya kushoto, mbili za kulia, na moja ni ya bayasi kwa pande zote mbili.

Hilo la pini moja kwa pande mbili nimelipigia mstari daftarini. Nililisahau siku tatu baadaye, na likanigharimu.

Sijaiwasha. Nyuma imeandikwa volti 100, umeme wa Japani.

Siku ya 2

Nimefungua. Vumbi la kawaida, na gundi. Mafundi wa vifaa vya Kijapani vya zama zile wanaijua hii gundi: ilipakwa ikiwa ya manjano ili kapasita (vipuri vinavyohifadhi chaji) zisitikisike, na kwa miaka ya joto inageuka kahawia, inakauka kama kigaga, inaanza kula miguu ya vipuri na hata kupitisha umeme. Hapa imezunguka kapasita za bayasi. Nimeikwangua kwa kijiti cha mbao, kisha alkoholi ya isopropili na mswaki. Saa mbili nzima, na harufu yake bado iko vidoleni.

Transfoma ina vichwa vya nyaya vya volti 100, 117, 220 na 240. Nimehamishia kwenye 240 na kubadilisha fyuzi iendane nayo: volteji ikipanda mkondo unapungua, kwa hiyo fyuzi ya zamani ingekuwa kubwa mno.

Kabla ya kushika chochote ndani, kila mara: plagi nje, subiri, kisha rezista (kipuri kinachozuia mkondo) ya kilo-omu 10 yenye waya na klipu, nikigusisha kapasita kubwa mmoja mmoja mpaka mita isome chini ya volti 1. Kati ya chanya na hasi kuna volti 640 humu ndani. Mkono mmoja unafanya kazi, mwingine uko mfukoni. Hili si pambo la kuandika kwenye shajara. Nimewahi kurushwa na volti 300 na sitaki kukumbushwa.

Siku ya 3

Kuiwasha kwa mara ya kwanza, kupitia balbu ya wati 60 iliyofungwa mfululizo na waya wa umeme. Balbu iliwaka kwa nguvu, ikafifia, ikabaki na wekundu wa mbali. Hakuna shoti. Valvu zikaanza kung'aa: mbili, za aina ya 6FQ7, kila moja na trayodi mbili, yaani vikuzaji viwili, ndani yake, moja kwa kila bamba la hedifoni.

Nimetoa balbu, nikapima mawimbi yaliyobaki kwenye umeme wa chanya. Volti 6 na kidogo kutoka bondeni hadi kileleni. Nyingi. Nikazima, nikatoa zile kapasita kubwa mbili, kila moja mikrofaradi 100 kwa volti 400. Ya upande hasi imesoma 88. Ya chanya imesoma 31.

Hesabu inakubali: anodi nne (ncha za trayodi zinazolisha mabamba) zinanyonya miliampia 19 hivi, na mawimbi huja mara 100 kwa sekunde. Kwa mikrofaradi 31 unapata volti 6.3, kwa 100 unapata 2 kasoro kidogo. Nimeweka mpya mbili zinazostahimili nyuzi 105, nikapima tena: 1.9. Mvumo umekwisha. Hizo volti 2 zilizosalia hazisikiki kwa sababu zinafika kwenye mabamba yote mawili kwa wakati mmoja, na utando haujali kitu kinachofanana mbele na nyuma yake. Unasikia tofauti tu. Nadhani hii ndiyo sifa ninayoipenda zaidi katika saketi hizi.

Sijachomeka hedifoni bado. Nafanyia kazi mzigo wa bandia: kapasita mbili za ulanga za pikofaradi 120 zenye uwezo wa volti elfu moja, kila moja ikishika nafasi ya upande mmoja. Hedifoni zenyewe, pamoja na waya wake, ni karibu hivyo hivyo. Zikiungua sitalia.

Siku ya 4

Leo bayasi. Mita kwenye pini ya bayasi, nyeusi kwenye eathi: volti 395.

Nikafurahi kama mwizi aliyekuta mlango wazi. 395 badala ya 580! Bayasi ikipungua na sauti inapungua, basi ugonjwa ndio huu. Saketi yenyewe ni ngazi ya dayodi (vipuri vinavyopitisha umeme upande mmoja tu) na kapasita zinazopandisha volteji ya transfoma daraja kwa daraja, na ngazi za namna hii huchoka: kapasita moja ikivuja, kila daraja la juu linashuka. Nikabadilisha zote. Dayodi sita, kapasita sita, zote mpya, zote za volteji kubwa kuliko zilizokuwapo. Lehemu safi, bodi nimeisafisha pande zote mbili.

Usiku umeingia. Nitapima kesho.

Siku ya 5

Volti 395.

Nikapima tena. 395. Nikabadilisha betri ya mita, maana mtu aliyekata tamaa hujaribu lolote. 395. Nilikuwa natwanga maji kwenye kinu.

Mficha uchi hazai. Nikampigia simu mzee aliyenifundisha kushika lehemu, nikamwamkia, nikamweleza yote: ngazi, dayodi, kapasita, 395 kabla na 395 baada. Akanisikiliza bila kunikatiza. Kisha akauliza swali moja:

"Mwanangu, kati ya ngazi na soketi pana rezista?"

"Ipo, mzee. Ya megaomu 4.7."

"Na mita yako ina ngapi?"

Nikanyamaza. Mita yangu, kama nyingi za kidijitali, ina ukinzani wa ndani wa megaomu 10. Nilipoichomeka pale, niliunga rezista ya megaomu 10 kwenda eathi nyuma ya rezista ya megaomu 4.7. Gawanya 580 kwa 14.7, zidisha kwa 10: 394.6. Bayasi ilikuwa nzima tangu siku ile ya kwanza. Niliyekuwa naishusha ni mimi.

"Basi," akasema mzee, "sasa una ngazi mpya."

Na kuna jingine linaloniuma zaidi. Pini ni moja kwa pande zote mbili. Niliandika mwenyewe Siku ya 1. Bayasi ingekuwa mgonjwa, kushoto na kulia vingefifia pamoja. Jibu lilikuwa daftarini kwangu, nikaenda kuamini namba ya kwenye kioo.

Siku ya 6

Kipimio cha megaomu elfu moja. Rezista kumi za megaomu 100 zimelehemiwa mfululizo ndani ya bomba la plastiki, mwisho wake unaingia kwenye mita. Kwa kuwa mita yenyewe ni megaomu 10, kinachosomwa unazidisha kwa 101.

Kwa ukubwa huu wa omu, alama ya kidole ni rezista. Mara ya kwanza kilisoma ovyo ovyo, namba zikitembea, mpaka nikakiosha chote kwa alkoholi, nikakikausha na kukishika kwa kitambaa tu. Sasa kwenye soketi mita inasoma 5.72. Mara 101 ni karibu volti 578. Rezista ya megaomu 4.7 bado inakula volti chache, nazo zikirudishwa tunafika 580 bila mabishano.

Rezista hiyo ya 4.7 haikuwekwa ili kunisumbua. Utando ukigusa bamba, au kidole cha mtu kikigusa mahali kisipostahili, haipitishi zaidi ya mikroampia 120 hivi. Pia inafanya chaji ya utando isikimbie huku na huku utando unapocheza, na chaji isiyokimbia ndiyo inayopunguza mkwaruzo wa sauti.

Siku ya 8

Turudi kwa mgonjwa. Mzigo wa bandia umechomekwa, mita mbili kwenye matokeo ya kulia, moja kwa kila bamba. Hapa mita ya megaomu 10 haina madhara, kwa kuwa valvu inasukuma kwa nguvu kuliko ile rezista ya bayasi. Nimehakikisha kwanza kwa kalamu na karatasi, safari hii. Matokeo yote yanatakiwa yakae karibu na volti 0 kwa eathi. Yalikuwa 3 na hasi 2. Safi.

Nikaweka kiti, nikakaa.

Dakika ya 5, vile vile. Dakika ya 10, 4 na hasi 2. Dakika ya 15 nikaanza kufikiri labda nimeiponya bila kujua. Dakika ya 23, bila onyo, moja ikaporomoka hadi hasi 290, na ya pili nayo ikatoka sifurini.

Kumbe "ta!" ni hii. Kila anodi inalishwa kutoka volti 320 chanya kupitia rezista mbili za kilo-omu 33. Njia hiyo ikikatika, anodi haina kinachoivuta juu, inadondoka kwenda kwenye umeme hasi. Sasa fikiria utando wenye 580 uliokuwa katikati ya mabamba mawili yenye 0: kila upande unauvuta sawa. Bamba moja likiwa hasi 290, tofauti upande ule inakuwa 870, na mvuto hukua kwa mraba wa volteji. Yaani mara mbili na robo. Utando unarukia bamba, unanata. Mlio mmoja, kisha mnong'ono. Ukizima, chaji inavuja polepole usiku kucha, utando unajibandua, asubuhi kila kitu kizima.

Nilihamisha valvu ya kulia kwenda kushoto kwa uhakika. Ugonjwa haukuhama nayo. Basi ni bodi.

Siku ya 9

Nimeupata. Kwa kijiti cha plastiki niligongagonga rezista za anodi zikiwa za moto. Ya tatu, namba kwenye mita ikaruka. Nikazima, nikamwaga umeme, nikageuza bodi, nikashika lenzi. Kuzunguka mguu wa rezista kuna duara jembamba kama uzi, giza, kamili. Lehemu imepasuka.

Sababu iko wazi ukiitazama. Rezista hizi kwa pamoja zinachoma wati moja na nusu kwa kila anodi, nazo zimelazwa bodini kifudifudi. Kila ukiwasha zinatanuka, ukizima zinasinyaa, na lehemu inakunjwa kidogo. Fanya hivyo kwa miongo mitatu. Ikiwa baridi vipande vinagusana, ikipata moto vinaachana. Bodi chini yake imebadilika rangi kama chapa ya pasi.

Nimetoa zote nane, si ile moja. Ingekuwa uvivu kuacha saba zenye umri ule ule. Mpya ni za wati 3, zimeinuliwa milimita 8 juu ya bodi ili hewa ipite chini, na miguu nimeikunja nyuma ya tundu kabla ya kulehemu. Nilifikiria kubadilisha na rezista za volti za chini zilizokuwapo sandukuni, nikaacha: kila moja inabeba volti 160 kwa kudumu, na mara valvu zikiwa bado baridi mgawo hubadilika. Mtu anaangalia wati anasahau kwamba rezista nayo ina kikomo cha volti.

Kwa saa tatu nzima imewaka bila kuyumba. Nikaichapa kwa kijiti kila mahali. Kimya.

Siku ya 10

Trima, yaani rezista ndogo za kurekebisha kwa bisibisi. Kila upande una mbili: moja inasawazisha mabamba mawili yawe sawa, nyingine inayashusha au kuyapandisha yote pamoja hadi 0. Ukigusa hii unavuruga ile, kwa hiyo ni kwenda na kurudi, kila safari kidogo zaidi. Bisibisi ya plastiki.

Kosa ambalo wengi hulifanya, nami nililifanya kwenye amplifaya nyingine, ni kurekebisha mfuniko ukiwa wazi. Unapata sifuri ya kupendeza, unafunga, joto ndani linapanda, na sifuri inaondoka. Nimelaza mfuniko juu na kuacha mwanya wa bisibisi tu. Nusu saa ya kupasha, rekebisha, nusu saa tena, rekebisha. Jioni: kushoto 1 na hasi 1, kulia 2 na 0. Kwa saketi inayotembea kwenye volti 640, na valvu zenye kupumua kadiri umeme wa ukutani unavyopanda na kushuka, kutafuta zaidi ya hapo ni kujitesa.

Siku ya 12

Hedifoni. Sifongo ya ndani imekuwa unga. Ukigusa inabaki kidoleni kama masizi. Unga huo ni adui, kwa sababu utando wenye volti 580 unavuta vumbi kama kioo cha televisheni za zamani. Chembe ikipita kizuizi na kukaa kati ya utando na bamba, unasikia mchirizo, na chaji ya upande ule inavuja.

Sikufungua vikombe vya sauti vyenyewe. Utando wa mikroni moja hausafishwi na mtu mwenye akili timamu bila sababu. Nilitoa sifongo, nikavuta unga kwa brashi laini kuelekea chini, hewa sikupuliza. Sifongo mpya nimekata mwenyewe.

Nikachomeka, nikaacha amplifaya iwake bila muziki. Mwanzo kulia kulikuwa nyuma kidogo. Sauti ya katikati ilikuwa imehamia kushoto kama upana wa kidole. Utando uliolala muda mrefu, tena ukiwa umenata, haujai chaji kwa dakika tano. Sehemu yake ya umeme imepakwa kitu chenye ukinzani mkubwa mno, makusudi, na chaji inatambaa.

Siku ya 13

Baada ya usiku mzima, sauti ya katikati iko katikati. Nimegeuza nyaya za kuingilia, kushoto kulia na kulia kushoto, bado katikati. Nimegeuza hedifoni kichwani, bado.

Nilisikiliza kwa saa nne. Dakika ya 23 ilipofika nilivua hedifoni na kutazama mita, sikuweza kujizuia. Hasi 1.

Kuhusu sauti yenyewe sitaandika mengi. Watu huandika mashairi juu ya hedifoni hizi, na mengine ni ya uongo. Nitasema tu kwamba ngozi ya ngoma inasikika kuwa ngozi, na mtu akivuta pumzi kabla ya kuimba unajua amevuta kwa pua au kwa mdomo. Besi ya chini kabisa si ya kifua. Anayetaka kutikiswa atafute kingine.

Yaliyobaki: valvu ya kushoto inalia kidogo ukigonga sanduku, na tundu moja la kuingilia limelegea. Tundu nitalibadilisha wiki hii. Valvu nitaiacha mpaka ife yenyewe, mimi si mgongaji wa masanduku. Zile dayodi sita na kapasita sita nilizozitoa Siku ya 4 nimezipima moja moja. Nzima zote. Zimo kwenye kikopo cha vipuri.